Maswali ya Wasomaji: Maembe Mabichi Mawili, Nafasi ya Chupa Moja

SWALI

Mhariri wa safu ya manukato, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga. Mdogo wangu anaishi Paris na anatarajia kuja nyumbani mwezi wa Desemba. Ameniahidi chupa moja ya marashi, moja tu, na ili nichague alinitumia vijikaratasi vya kunusia, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Vilifika baada ya zaidi ya wiki moja. Katika vyote nimebaki na viwili ambavyo nashindwa kuviamua: Un Jardin sur le Nil ya Hermès na Timbuktu ya L'Artisan Parfumeur. Yote mawili yana embe bichi kwa mbali, jambo ambalo sijawahi kulikuta katika marashi ya madukani kwetu, lakini ya kwanza yananipa picha ya maji na ya pili yananipa picha ya moshi. Darasa langu lina watoto wengi, feni zipo ila umeme hukatika, na wakati wa kaskazi jasho halikauki mwilini. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya harusi za ndugu, na nguo zangu za harusi hufukizwa udi. Nahitaji marashi ya msimu wa joto ambayo si ya kila mtu. Nichague yapi?

— *Mwalimu, Tanga*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitatanguliza uamuzi ili usisome kwa wasiwasi: mwambie mdogo wako akuletee Timbuktu. Najua wengi wanaoandika kuhusu manukato wangekuelekeza kwenye ya Hermès, kwa hoja kwamba joto hutaka kitu chepesi chenye umajimaji, na hoja hiyo ina nguvu yake katika nchi ambazo joto lake ni kavu, au kwa watu ambao hutoka kwenye kiyoyozi cha nyumbani wakaingia kwenye kiyoyozi cha gari na hatimaye cha ofisi. Darasa lako halimo katika hesabu hiyo.

Kwanza tuzungumzie vile vijikaratasi, kwa sababu vimekuambia jambo kubwa kuliko unavyodhani. Marashi hayanukii sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Viambato vyepesi, kama vile mafuta ya maganda ya machungwa na balungi, huruka mapema, na viambato vizito, kama vile utomvu wa miti na mafuta ya mizizi, hubaki nyuma na kunukia polepole. Kijikaratasi kilichokaa njiani zaidi ya wiki kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya harufu ya mwanzo, na embe ulilolinusa limekufikia likiwa limechoka. Kwa hiyo yale maji na ule moshi unaousema ndiyo masalio yenyewe. Mtu anayenusia dukani hununua harufu ya dakika ya kwanza, ilhali wewe, kwa uchelewaji wa posta, umenusa harufu utakayokaa nayo kutwa nzima.

Sasa embe. Harufu inayotajwa hapa haihusiani na embe dodo lililoiva. Mtu akilikonyoa embe changa mtini, ule utomvu unaochuruzika penye kikonyo, ambao huunguza midomo ya watoto wasiosubiri kuliosha, una harufu kali inayokaribiana na ya tapentaini: ya kijani, chungu kidogo, yenye ukakasi na isiyo na sukari hata chembe. Sababu ni kwamba embe bichi lina wingi wa terpini, yaani viambato vya jamii ile ile inayoipa misonobari na maganda ya limau harufu yake. Lakini hakuna mafuta ya embe yanayokamuliwa kwa ajili ya manukato. Ukiacha jamii ya machungwa na malimau, matunda mengi hayatoi mafuta ya kutosha kutumika, hivyo mtengenezaji hulazimika kulijenga embe kwa kuchanganya vitu vingine mpaka pua isadiki. Ndiyo maana watengenezaji wawili waliotaka tunda moja wameishia mahali tofauti kabisa.

Un Jardin sur le Nil ilitoka mwaka 2005, ikiwa ya pili katika mfululizo wa bustani ambao Hermès iliuanza mwaka 2003. Mtunzi wake ni Jean-Claude Ellena, mzaliwa wa Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa ambao umeishi kwa biashara ya manukato kwa karne kadhaa, naye alikuwa ameajiriwa na kampuni hiyo mwaka uliotangulia. Alikwenda Aswan, kusini mwa Misri, kutafuta harufu ya kuijengea marashi, na kilichomkamata huko ni maembe mabichi yaliyokuwa yakining'inia mitini karibu na mto. Ellena anajulikana kwa kutumia viambato vichache na kuacha nafasi kubwa kati yake, na hapa amefanya hivyo: embe na balungi mwanzoni, yungiyungi na majani ya majini katikati, kisha ubani kidogo na mti. Mti wenyewe Hermès huutaja kwa jina la sycamore, ambao kwa Misri ni mkuyu huu huu wetu. Ni kazi safi sana, na sina neno baya la kuisema. Katika saa yake ya kwanza ndiyo inayolifanya embe vizuri zaidi kati ya hizi mbili. Unaweza kuhisi kisu kimepita sasa hivi.

Timbuktu ilitangulia kwa mwaka mmoja, 2004, kwa mkono wa Bertrand Duchaufour. Jina limeazimwa kutoka mji wa ukingoni mwa Sahara, ingawa maembe ya Mali hutoka zaidi kusini, upande wa Sikasso, kwenye mvua. Hilo ni tatizo la wauzaji, silo la pua. Kilichomwongoza Duchaufour ni wusulan, yaani mafusho ambayo wanawake wa Mali huyaandaa kwa mizizi, magome na utomvu wenye harufu, wakayachanganya na manukato, kisha wakayachoma kuipa nyumba na nguo harufu. Hapo mwalimu wa Tanga hahitaji mkalimani: chetezo, makaa na nguo zilizotandazwa juu ya moshi ni mambo uliyokua nayo. Ndani ya chupa kuna embe, iliki, na mbegu za mpilipili, ule mti wa mapambo wenye vishada vyekundu, ambao kitaalamu ni wa familia moja na mwembe na mkorosho, na pengine ndiyo sababu embe na pilipili hiyo hupatana tangu tone la kwanza. Kisha kuna ua la kichaka cha Afrika Magharibi liitwalo karo-karoundé, na chini yake ubani, manemane, pachuli, vetiva na mafunjo. Vetiva ni yale majani marefu yanayopandwa kwenye kontua kuzuia mmomonyoko, na mafuta yake hutoka kwenye mizizi. Mafunjo nayo ni ya jamii moja na ndago, gugu ambalo mkulima halitaki shambani, ilhali mizizi yake ina harufu kavu, ya mti na moshi. Embe la Timbuktu limelala juu ya mizizi hiyo yote, na mizizi ndiyo inayokushindia hoja.

Nieleze kwa nini. Marashi hunukia pale yanapogeuka mvuke, na joto huharakisha mgeuko huo. Katika Februari ya Tanga, ngozi ikiwa na moto na hewa ikiwa imejaa unyevu, viambato vyepesi hutoka kwa kishindo, hunukia kwa nguvu kuliko vingenukia Paris, halafu hutoweka mapema kuliko vingetoweka Paris. Marashi ambayo uzuri wake wote umewekwa juu, kama hayo ya Hermès, yatakupa furaha kubwa kuanzia unapofunga mlango wa nyumbani hadi kipindi cha kwanza kitakapokwisha, na baada ya hapo utabaki na kitu kisafi, chembamba, kisicho na embe. Si kosa lake, maana yameandikwa Eau de Toilette na yalitungwa yawe mepesi. Timbuktu nayo imeandikwa hivyo hivyo, lakini uzito wake uko chini, kwenye mizizi na utomvu, na joto linapoharakisha kila kitu linaichukua mahali inapopendeza zaidi. Kuna jambo jingine ambalo nadhani watu wa pwani hulijua kwa mwili hata kama hawalisemi: hewa inapokuwa nzito kwa unyevu, mtu hatamani tena harufu ya maji, hutamani ukavu. Majani makavu, mti, ubani, udongo wa kiangazi, hivyo ndivyo vinavyopumzisha. Marashi yanayouzwa kwa sifa ya bahari na mawimbi hutungwa zaidi kwa ajili ya watu walio mbali na bahari.

Usinielewe kwamba Timbuktu haina lawama. Dakika zake za mwanzo ni kali, kwa ile pilipili na iliki, na darasani una watoto ambao baadhi yao huenda wana pumu. Harufu kali, hata ikiwa nzuri, inaweza kuwaamshia kifua. Kwa hiyo siku za shule jipulizie mara moja tu, si zaidi, kifuani, kabla ya kuvaa, na ufanye hivyo muda mrefu kabla ya kutoka, ili ule ukali uishie nyumbani. Ngozi iwe imeoga na kukauka sawasawa, kwa sababu marashi yakikutana na jasho la tangu jana hayalifuniki, huungana nalo. Ukiwa na mafuta ya kupaka yasiyo na harufu, paka kidogo kwanza. Ngozi kavu huyanywa marashi haraka. Usisugue mahali ulipojipulizia. Usipulizie shingoni ikiwa utasimama juani mstarini, kwa maana mafuta ya baadhi ya maganda ya jamii ya machungwa, hasa bergamoti, yana viambato ambavyo vikikutana na jua huweza kuacha madoa meusi kwenye ngozi, na ingawa watengenezaji wa leo huvidhibiti, kifuani chini ya nguo ndiko mahali pasipo na mashaka.

Kuhusu harusi, ndipo uamuzi unapokuwa mwepesi kabisa. Nguo iliyofukizwa udi tayari imekwisha kusema neno lake, na marashi yoyote utakayoongeza lazima yakubali kuwa chini yake. Ukijipulizia Un Jardin sur le Nil juu ya udi, yungiyungi na embe vitasikika kando, udi kando, ni kama vikundi viwili vya taarabu vilivyoalikwa harusi moja na kila kimoja kikaanza wimbo wake. Timbuktu ina ubani na manemane ndani yake, hivyo moshi hukuta jamaa zake, na kinachobaki juu ni ule ukijani mchungu ambao hutausikia kwa mwanamke mwingine ukumbini. Fukiza nguo mapema, hata jana yake, kisha marashi uyaweke kwenye ngozi, sio kwenye nguo. Na siku ambayo utavaa kikuba, yaani asumini, mkadi na mrehani vya mtini, acha chupa nyumbani. Sijaona marashi ya Ufaransa yanayoshinda kikuba kibichi, wala sioni kwa nini yapewe nafasi ya kujaribu.

Lipo jambo moja ambalo lingenifanya nibadili shauri langu, nalo ni ngozi yako yenyewe. Kuna watu ambao vetiva kwao hugeuka kuwa harufu ya udongo mbichi au ya gunia lililolowa, na hakuna maelezo ya safu yatakayowasaidia. Kabla mdogo wako hajalipa, mwombe akutumie vichupa vya sampuli, vile vya mililita 2, badala ya vijikaratasi. Siku usiyokuwa na kazi, asubuhi, bila losheni wala poda, weka tone la kimoja kwenye mkunjo wa mkono wa kulia na la kingine kwenye wa kushoto, halafu uende sokoni na shughuli zako kama kawaida. Usinuse kila dakika, kwa sababu pua huchoka na kuacha kuisikia harufu iliyoizoea. Nusa adhuhuri, ukiwa umetokwa na jasho hasa, na mkono utakaotamani kuunusa tena ndio wenye jibu. Nina hakika ya kutosha kwamba utakuwa ule wa Timbuktu, lakini ukiwa mwingine, uufuate bila kunionea haya.

Chupa ikifika, iache ndani ya boksi lake, kabatini, mbali na dirisha. Joto na mwanga huyaharibu marashi polepole, na harufu za juu, ambazo ndizo chache, huwa za kwanza kuondoka.

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Muscat kwa kazi. Ninayo chupa ya Un Jardin sur le Nil na ninaipenda sana ninapojipulizia, lakini nikishafika ofisini siisikii tena. Rafiki yangu anasema ninunue Timbuktu kwa sababu inadumu. Mke wangu hufukiza nyumba na nguo kwa udi karibu kila siku. Je, nifuate ushauri wa rafiki?

— *Msomaji, Muscat*

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ukisoma jibu langu kwa mwalimu wa Tanga utadhani nitakuambia ndiyo, lakini kwako wewe nasema baki na ulichonacho. Joto la Muscat wakati wa Mei na Juni hupita nyuzi 40, nalo halikupati ila kwa hatua chache kati ya gari na mlango. Siku yako yote inapita katika hewa iliyopozwa, na hewa ya namna hiyo ndiyo inayoyapa marashi mepesi nafasi ya kutoka taratibu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba marashi bado yapo na kwamba ni pua yako iliyoyazoea. Muulize mwenzako wa meza ya pili kabla hujatoa fedha.

Ikiwa naye hayasikii, tumia kitambaa. Pamba huyashika marashi muda mrefu kuliko ngozi. Jipulizie kwenye fulana ya ndani, kifuani, kisha uvae dishdasha, ile kanzu ya Kiomani, juu yake. Kile kishada cha shingoni usikiguse, kwa maana desturi ya huko ni kukitia mafuta mazuri, na bila shaka cha kwako tayari kina mafuta ya udi. Yaache mafuta yatawale hapo, na Hermès ibaki ndani.

Tatizo lako la kweli ni udi wa kila siku, sio uhai wa marashi. Embe lile jembamba haliwezi kusikika kwenye nguo iliyojaa moshi mzito, na huenda ndiyo maana linakupotea. Ushauri wangu, ambao utampelekea mama watoto kwa adabu, ni kwamba siku unazotaka kutumia marashi hayo nguo zifukizwe kwa ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman, badala ya udi. Mko katika nchi yenye ubani ulio bora, na ule wa daraja la juu unaoitwa hojari una uchangamfu unaokaribia ganda la limau, tofauti kabisa na utamu mzito wa udi. Ellena naye ameweka ubani kidogo chini ya embe lake, kwa hiyo moshi na marashi vitakutana mahali pamoja. Chagua punje nyeupe zenye kuelekea ukijani, weka punje mbili au tatu tu kwenye makaa yaliyokwisha kutulia, na uuondoe mara unapoanza kuungua na kutoa moshi mweusi, kwa sababu hapo ule uchangamfu umekwisha na kinachobaki ni uchungu.

Na Timbuktu? Ukiitaka, iwe ya safari za kurudi Unguja.

SWALI

Mhariri, hizo chupa mbili zinazozungumzwa siku hizi sina uwezo wa kuzinunua hata moja. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Je, nikichemsha maganda ya embe bichi nikayachuja, siwezi kupata harufu hiyo hiyo kwa bei ya embe?

— *Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU

Hapana, mwanangu, na ni afadhali nikuambie kabla hujaunguza sufuria ya bwenini. Ukichemsha maganda, zile terpini zinazobeba harufu huondoka na mvuke, na chumba ndicho kitakachonukia. Sufuriani utabaki na maji yenye sukari kidogo ambayo yatachacha baada ya siku chache. Isitoshe, utomvu wa ganda la embe huwasha ngozi za watu wengi.

Vichupa vya sampuli nilivyomwambia mwalimu vinauzwa pia, na mililita 2 za Timbuktu kwa mpangilio wa kujipulizia siku za shughuli tu zitakufikisha mbali. Nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha chupa aliyomiminia kutoka humo, kwa sababu marashi ya bandia ni mengi na kichupa kisicho na lebo hakina ushahidi wowote.

Ukitaka cha kujitengenezea mwenyewe, usilenge embe, lenga ule ukijani ulio juu ya mizizi mikavu, maana huo unapatikana. Tafuta mafuta ya mchaichai, ambayo huuzwa na wafanyabiashara wa viungo wa Unguja, na mafuta ya vetiva ukibahatika kuyapata. Katika vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi yaliyosafishwa, yasiyo na harufu, tia tone moja la mchaichai na matone mawili ya vetiva, funga kwenye kichupa cha kioo cheusi, na ukiache kwa wiki moja bila kukifungua. Usiongeze mchaichai kwa kudhani kwamba harufu ni hafifu. Mafuta hayo yakizidi huwasha, na kwa watu wengine ngozi ikishayakataa mara moja huyakataa daima. Jaribu kwanza tone dogo ndani ya mkono na usubiri hadi kesho yake. Ikiwa hapatatokea wekundu wala mwasho, paka nyuma ya magoti na kwenye mkunjo wa kiwiko, ambako joto la mwili litayainua yenyewe, na ujiepushe na kola ya shati jeupe, kwa sababu mafuta ya nazi huacha doa.